Upande wa Pili wa Ukumbi

Msimu ule wa baridi, hapa kwetu katika jimbo la Iowa, Marekani, ulikuwa huwezi kunywa kahawa kwa raha. Ukiingia mkahawani unamkuta mgombea urais amesimama mlangoni na koti lake jipya, anakupa mkono na kukuuliza mahindi yalikuaje. Tulikuwa tumezoea. Chama kinapotafuta mtu wa kumsimamisha, sisi ndio wa kwanza kuulizwa katika nchi nzima, kwa hiyo wote huja hapa. Tukishasema letu huondoka, na theluji inabaki.

Mimi naitwa Marva Stensrud. Kwa miaka mingi nimekuwa mwenyekiti wa chama katika kata yetu. Kazi yenyewe ni kufungua ukumbi wa michezo wa shule, kuhesabu watu na kupeleka matokeo. Ninayoyasimulia nimeyaona mwenyewe, na mengine nimeambiwa na Orrin Tvedt, ambaye yalimpata.

Orrin alikuwa mkulima wa mahindi na soya, mtu ambaye hakuwahi kuoa na ambaye husikii sauti yake ikipanda. Dada yake, Lorene Haugland, alimzidi umri kidogo na waliishi mashamba jirani, barabara ya kokoto katikati yao. Tangu mume wake Lorene alipofariki, Orrin alikula kwake kila Jumapili. Theluji ikianguka, alipitisha trekta kwenye njia ya dada yake kwanza, ndipo akaisafisha yake. Kuhusu siasa walikuwa hawaishi kubishana, na baba yao ndiye aliyewafundisha. Mezani kwake mtoto hakuruhusiwa kusema anampenda mgombea fulani bila kueleza kwa nini.

Mume wa Lorene aliitwa Vernon. Alipatwa na mshtuko wa moyo asubuhi moja akiwa bandani kwa nguruwe. Gari la wagonjwa lilimpeleka hospitali ya mjini, mwendo mrefu, na akakata roho njiani. Zamani wangempeleka hospitali yetu ya kaunti, ambayo iko karibu tu, lakini kitengo cha dharura kilikuwa kimefungwa mwaka mmoja kabla. Na kila mtu hapa alijua kwamba Orrin alikuwa kwenye bodi ya hospitali wakati huo, na kwamba alinyoosha mkono pamoja na wenzake ili kifungwe. Hospitali ilikuwa imefilisika, madaktari walikuwa hawapatikani, na hata bila mkono wake kingefungwa. Hilo pia tulilijua. Lorene hakuwahi kulizungumza, si kwa Orrin wala kwetu. Tulimsifu kwa hilo. Tuliona amesamehe.

Siku ya mdahalo wa mwisho, ule uliofanyika wiki chache kabla ya mkutano wetu wa mchujo, Lorene alitualika kwake kuutazama. Tulikuwa wanne: yeye, Orrin, mimi, na Gaylen Brandsma, dereva mstaafu wa malori ya nafaka. Gaylen alikuwa upande wa mfanyabiashara mmoja tajiri ambaye hakuna mtu mwingine aliyempa nafasi. Lorene alitengeneza nyama ya nguruwe ya kuokwa na viazi vyenye jibini, na pai ya tufaha. Tukala sahani zikiwa mapajani.

Wagombea walikuwa wengi, lakini ukimwacha tajiri wa Gaylen, nyumbani mle walikuwa wawili tu. Orrin alikuwa upande wa Seneta Prentiss Gault. Alikuwa ameshasimamisha bango lake mbele ya nyumba tangu vuli, na alikuwa amewapigia simu majirani kwa niaba yake. Lorene alikuwa bado anasema hajaamua, ila tulijua anamwelekea Gavana Adele Rourke, mama mmoja wa majimbo ya milimani, mwenye nywele za mvi alizozikata fupi.

Gault alikuwa mahiri kweli. Akiulizwa jambo alilipanga kama anavyopanga mtu vyombo kabatini. Rourke aliulizwa kuhusu soya tunayouza China, akaanza, akachanganya takwimu, akanyamaza. Kisha akasema takwimu hiyo hana na hatajifanya anayo. Gault akaidaka palepale na kuitaja, mwaka kwa mwaka. Orrin akapiga goti lake kwa furaha.

Halafu likaja swali la hospitali za vijijini. Gault akasema ni jambo la kuhuzunisha, lakini utafiti unaonyesha wagonjwa hupona zaidi katika hospitali kubwa, na si haki kudai kwamba kufungwa kwa hizi ndogo kumeua watu. Rourke alimgeukia. Alisema kwamba kabla ya kuwa gavana alikaa kwenye bodi iliyofunga hospitali ya mji wake. Alisema hapakuwa na pesa, na kila aliyekuwa mezani alikuwa mtu mwema. Akasema, nilinyoosha mkono, nikakosea, na kuna familia ambazo nilitakiwa niende kwao niwaambie hivyo na sikwenda. Hapo sauti ikamkatika. Mwendesha mdahalo akasubiri, akamshukuru, wakaenda kwenye swali jingine.

Sikumtazama Orrin. Nadhani hata Gaylen hakumtazama. Lorene alikuwa ameshika uma bila kula.

Mdahalo ulipokwisha Lorene alizima runinga na kuleta kahawa, na kama ilivyo desturi yetu tukaanza kuwapima. Gaylen alitangulia kwa kumsifu tajiri wake, kwamba huyo angalau hana haja ya kuiba.

"Ana ndege tatu, Gaylen," nilimwambia. "Mwenye ndege tatu anatafuta ya nne."

"Basi atatupa lifti," alisema, na tukacheka, Orrin pia.

Orrin ndipo akasema kwamba kwa haki kabisa mshindi ni Gault. Anaijua sheria ya kilimo, anaijua China, hapepesi macho. Lorene akamjibu kwamba anaijua, ndiyo, lakini anaongea kama mtu anayesoma maandishi ya chupa ya dawa. Orrin akasema afadhali hiyo kuliko yule mama anayesahau takwimu mbele ya taifa zima. Dada yake akasema hakusahau, alikiri hajui, na hilo hajamwona mwanasiasa akilifanya tangu azaliwe. Mpaka hapo ulikuwa ubishi wao wa kila siku, na mimi nilikuwa nakata pai.

"Kiti kile si cha kwenda kujifunzia kazi, dada," Orrin alisema. "Na si cha kwenda kulilia."

"Hakulia."

"Alikaribia. Unajua kwa nini? Kwa sababu kura zake za maoni zimeshuka. Amesimama pale anajilaumu, nimekosea, nimekosea, ili watu wamhurumie. Hospitali isiyo na daktari ni jengo tu. Gault amesema kweli na anatukanwa kwa sababu kweli haipendezi."

Lorene alisema taratibu kwamba yeye hakumsikia akiomba huruma. Alimsikia akisema kuna watu alitakiwa kwenda kwao.

Orrin alikuwa amekuwa mwekundu masikioni. Nilimfahamu tangu tukiwa shule na sijawahi kumwona vile. Aliweka kikombe chini.

"Vernon angekufa tu," alisema. "Hata hospitali ingekuwa hapo ng'ambo ya barabara. Angekufa tu."

Hakuna aliyekuwa amemtaja Vernon.

Lorene alikusanya sahani, ya Gaylen ikiwa bado na chakula, akazipeleka jikoni. Tulisikia maji yakifunguliwa, kisha yakafungwa. Akarudi akasimama mlangoni akijifuta mikono.

"Sijawahi kukuuliza, Orrin," alisema. "Hata siku moja. Nilidhani siku ukiwa tayari utakuja mwenyewe. Kumbe jibu lako ulikuwa nalo tayari."

Orrin alitafuta kofia yake. Akasema asante kwa chakula, akatoka. Tukaona taa za gari lake zikivuka barabara, na mimi na Gaylen tukabaki tunamsaidia Lorene kupanguza vyombo. Alituambia tusihangaike. Alisema amechoka kidogo.

Jumapili iliyofuata Orrin hakwenda kula. Wala hakuitwa. Theluji ikaanguka sana, akapita na trekta kwenye njia ya Lorene kama kawaida, lakini alfajiri, kabla taa ya jikoni haijawashwa. Lorene aliniambia kwamba alimsikia, akalala macho wazi akingoja asikie injini imezimwa na mlango umegongwa. Haikuzimwa.

Katikati ya wiki nilikwenda kwa Orrin kwa kisingizio cha kumpelekea mkate. Nilimkuta mezani na magazeti, anasoma habari za wagombea. Alianza kunilinganishia mmoja na mwingine, ushuru, vita, bima za wakulima, mpaka nikamwambia mimi ni mwenyekiti, siruhusiwi kushawishika. Hakucheka. Akaniambia kwamba amesoma mpango wa Rourke kuhusu hospitali za vijijini kuanzia mwanzo hadi mwisho, na kwamba ni mpango mzuri. Ni mzuri kuliko wa Gault, alisema, Gault hana hata mpango.

Nikamuuliza, sasa je?

"Nimeshawapigia watu simu nusu ya kata, Marva. Bango langu linaonekana mpaka barabara kuu. Nitawaambia nini?"

"Waambie umebadili mawazo. Watu hubadili."

Alikunja gazeti lililokuwa mbele yake. Kisha akaniambia kitu ambacho nadhani hakuwahi kumwambia mtu. Alisema alipomsikia yule mama akisema nilikosea, alimchukia. Hajawahi kumchukia mtu asiyemjua namna ile. Alisema ilikuwa kama mtu ameingia nyumbani mwako akachukua kitu chako akakitumia vizuri kuliko wewe.

Nilimsihi aende kwa Lorene. Akasema atakwenda. Nilimwambia aende leo. Akasema leo kuna baridi, ng'ombe wa Gaylen wametoka zizini na ameahidi kusaidia. Nikaondoka.

Jioni ya mkutano wa mchujo ukumbi ulijaa. Sisi hatutumbukizi karatasi kwenye sanduku. Kila mtu anakwenda kusimama upande wa mgombea wake, mbele ya macho ya majirani, ya mwalimu wa mwanawe na ya fundi wa trekta lake. Kundi likiwa dogo kuliko kiasi kinachotakiwa, linavunjwa, na watu wake wanachagua pa kwenda. Lakini kabla ya kuvunjwa kuna muda wa kushawishiana, na muda huo mtu yeyote anaweza kuvuka akaongeza kundi jingine.

Watu wa Gault walijaa chini ya goli la mpira wa kikapu upande wa mashariki. Walikuwa wengi hata viti havikutosha. Orrin alikuwa katikati yao, koti halijavuliwa. Watu wa Rourke walikuwa wachache, wamekaa kwenye ngazi za watazamaji upande wa pili. Lorene alikuwa mbele yao kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine aliyetaka kuwa msemaji.

Nilipohesabu mara ya kwanza, kundi la Rourke lilikuwa na upungufu wa watu wawili. La tajiri wa Gaylen lilikuwa Gaylen peke yake. Nikatangaza muda wa kushawishiana.

Gaylen hakungoja kushawishiwa. Alibeba kiti chake kichwani akavuka ukumbi mzima akitangaza kwamba chama chake kimefanya mkutano mkuu na kimeamua kwa kauli moja kuungana na Lorene, kwa sharti la pai. Watu wakacheka na kumpigia makofi. Sasa alitakiwa mtu mmoja tu.

Lorene alizungumza na vijana wawili waliokuwa na mgombea mwingine, wakatikisa kichwa kwa adabu. Alizungumza na mchungaji. Akarudi kwenye nafasi yake. Hakwenda upande wa Gault. Alisimama tu, mikono ameshika mkoba mbele yake, akatazama kule alikokuwa mdogo wake. Hakumwita wala kumpungia. Lakini kila mtu ukumbini alijua anamtazama nani, na kelele zikapungua zenyewe.

Orrin alisimama. Niliona wazi. Aliweka kofia kichwani, akaivua, akaishika. Watu waliokuwa mbele yake walisogeza magoti kumpisha. Upande wa Gault hawakumhitaji, walikuwa wamezidi mno. Angevuka, asingempunguzia seneta chochote. Kati yake na dada yake palikuwa na sakafu ya mbao iliyopakwa mistari, hata mtoto anaivuka kwa pumzi moja.

Msemaji wa kundi la Gault, kijana mzuri tu, alimgusa begani akamuuliza kama yuko sawa, kama anahitaji maji. Orrin akasema yuko sawa. Na kwa kuwa alikuwa amejibu kwamba yuko sawa, akakaa.

Nilingoja. Nilichelewesha kadiri nilivyoweza, nikajifanya napanga karatasi zangu. Kisha nikatangaza muda umekwisha, na kundi la Rourke likavunjwa.

Gaylen alikwenda akakaa na watu ambao hata sikumbuki walikuwa wa nani. Wengine wakatawanyika. Lorene alivaa glavu zake, akanisalimu kwa kichwa, akatoka nje bila kujiunga na yeyote. Orrin alimfuata mpaka uwanja wa magari. Aliniambia baadaye kwamba alimkuta anakwangua barafu kwenye kioo, akamchukulia kikwanguo akamalizia yeye. Alikuwa na mengi ya kusema. Alichosema ni kwamba barabara inateleza, aende polepole. Lorene akamwambia asante, akaenda polepole.

Siku chache baadaye Rourke alijitoa. Gault alishinda kwetu, akashindwa katika majimbo yaliyofuata, na kabla theluji haijayeyuka naye akajitoa. Aliyesimamishwa na chama alikuwa mtu ambaye katika kata yetu alipata watu wa kujaza meza moja. Ulipofika wakati wa kupanda, hungeweza kumkuta mtu mkahawani anayetaja jina la Gault wala la Rourke. Tulirudi kuzungumzia mvua na bei ya mbegu. Bango la Orrin liliangushwa na upepo, akalikunja akalitupa.

Mwezi wa tano Lorene aliuza nyumba na shamba lake. Binti yake anaishi Tucson, kule Arizona kwenye jangwa, na alikuwa akimwita siku nyingi. Hakumuaga mtu kwa hasira. Alimpa Orrin meza ya baba yao, akampa maelekezo ya kutunza mbao zake, akamwambia ajitahidi kula mboga. Orrin alibeba masanduku yake mpaka kwenye lori. Siku hiyo pia alikuwa na mengi ya kusema. Nilikuwepo, na nilimwona akizunguka lile lori akikagua kamba ambazo zilikuwa zimeshafungwa vizuri.

Walipigiana simu kila Jumapili. Lorene alimweleza joto la kule, yeye akamweleza mahindi yamefika wapi. Gaylen alisema hao wanasikilizana vizuri zaidi sasa kuliko walipokuwa jirani. Mimi sikuona hivyo, kwa sababu walikuwa hawabishani tena. Mwaka wote ule hawakubishana kwa jambo hata moja.

Baada ya mavuno Orrin alipanda ndege kwa mara ya kwanza tangu alipotoka jeshini, akaenda kumtembelea. Alikaa wiki moja. Lorene alimpokea vizuri, akampikia, akamtembeza kwa majirani zake wapya na kumtambulisha kwa fahari, huyu ni mdogo wangu, ana shamba kubwa. Jioni walikaa nje wakitazama milima mikavu. Kila jioni Orrin alijiambia kesho.

Alikuja kulisema siku ya mwisho, ndani ya gari, wakiwa wanakaribia uwanja wa ndege. Alisema bila utangulizi wowote.

"Nilikosea kuhusu hospitali, dada. Na kuhusu Vernon sijui kama angepona. Hakuna anayejua. Sikuwa na haki ya kusema vile."

Lorene aliendelea kuendesha. Alipita geti moja, akapita la pili, akasimamisha gari mahali pa kushukia abiria.

"Najua, Orrin," alisema. "Nilijua tangu zamani. Nilikuwa nataka tu unitangulie kulisema, nisije nikalisema mimi kwa ubaya."

Akamshika mkono. Magari nyuma yao yalianza kupiga honi. Kisha akasema jambo ambalo Orrin alinisimulia mara mbili, kana kwamba mara ya kwanza sikusikia.

"Ningefurahi kama ungelisema nikiwa bado na nyumba kule."

Alishuka, akachukua begi lake. Dada yake akamwonyesha mlango wa kuingilia, maana ilikuwa milango mingi na yeye hakuizoea. Walikumbatiana kidogo, kama tunavyokumbatiana sisi, kwa mkono mmoja.

Orrin alinieleza haya jikoni kwangu, siku aliporudi. Nilimwambia angalau limeshasemwa. Akakubali kwamba limesemwa. Nikamuuliza kama Lorene atakuja kututembelea kiangazi, akasema amemwalika, na yeye amejibu ataona, safari ni ndefu na magoti yanamsumbua. Akamaliza kahawa yake. Aliniuliza kama nimesikia kwamba wale walionunua nyumba ya Lorene wanatafuta mtu wa kukodisha shamba, kwa sababu wao si wakulima, na kama ingekuwa vibaya yeye akilichukua. Nikamwambia isingekuwa vibaya. Akasema atalifikiria, akavaa kofia yake akaenda nyumbani.